Aliyerudi Vitani Apewe Nafasi ya Kusema

Mhadhara uliotolewa Bukoba, katika juma la Siku ya Mashujaa

Wazee wetu mliopigana, shikamooni. Walimu, wanafunzi, ndugu zangu wa mjini hapa na mliotoka Muleba, Missenyi na Karagwe, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie kuwaenzi mashujaa. Hilo ni jambo pana, nami nitashika kipande kimoja tu: tunampokeaje mtu aliyerudi kutoka vitani akiwa hai? Kwa waliokufa tunao utaratibu, tena utaratibu mzuri, na nitausifu. Lakini hawa waliorudi na miguu yao, nasema mbele yenu bila kuficha, hatujamaliza kuwapokea. Vita vya Kagera, kati yetu na Uganda ya Idi Amin, viliisha mwaka 1979.

Wiki hii nilikuwa Kaboya, kwenye makaburi ya askari wetu. Nawaomba vijana ambao hamjafika mwende. Nauli siyo kubwa, na hakuna darasa litakalowafundisha kile mtakachokiona pale. Makaburi yamepangwa kwa mstari kama askari walivyokuwa wakipangwa wangali hai, na pale kwenye mnara yapo majina. Nilimwona mama mmoja mtu mzima akitafuta jina kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Alipolipata hakulia. Aliweka kiganja juu yake akasimama hivyo kwa muda mrefu, na watu wakawa wanampisha.

Utaratibu wa siku yenyewe wengi mnaujua kwa kuuona kwenye televisheni. Linaingia gwaride la maombolezo. Tarumbeta inapigwa, watu wote wanasimama kimya. Kitaifa, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua. Mikoani viongozi hufuata mfano huo kwa nafasi zao. Halafu sheikh anaomba dua, padri na mchungaji wanasali. Mimi napenda sana kwamba wakati mataifa mengi huweka maua tu, sisi tumechagua mkuki, ngao na sime. Babu zetu wakifufuka leo asubuhi, wataelewa kinachofanyika pale bila mkalimani. Hilo tulilinde.

Sasa geuza macho uangalie hema la wazee. Pale wameketi waliovuka Kyaka, walioingia Mutukula, waliolala kwenye tope la Lukaya. Wengine wana medali kifuani na bereti imekaa sawasawa. Wengine, hasa waliokuwa mgambo, wamevaa koti la kawaida na hakuna kitu kifuani. Katika sherehe hizi, popote nilipohudhuria, huja wakati mshereheshaji akasema, “Tunawatambua wazee wetu waliopigana Vita vya Kagera, naomba wasimame.” Wanasimama, wengine kwa kushikwa mkono. Tunapiga makofi. Wanaketi. Baada ya hapo tunasikiliza hotuba ndefu juu ya ushujaa kutoka kwa watu ambao mwaka 1978 walikuwa watoto au walikuwa hawajazaliwa, nami nikiwa mmoja wao. Mwenye habari ameketi hemani na chupa ya maji mkononi, anasikiliza.

Hilo ndilo linalonikera. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza tukumbushane vita vyenyewe, kwa sababu nimeona humu ndani wapo vijana wa kidato cha pili.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaiteka ardhi yetu yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, karibu kilomita za mraba 1,800. Amin akatangaza kuwa hiyo sasa ni Uganda. Tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Ng'ombe walichukuliwa, mabati yaling'olewa kwenye mapaa, kiwanda cha sukari kiliporwa, watu waliuawa na wengine wakachukuliwa. Kanisa la Kyaka mpaka leo magofu yake yapo, anayetaka kushika tundu la risasi kwa mkono wake aende akashike. Kabla ya daraja kulipuliwa, tarehe 2 Novemba, Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kuwaambia wananchi kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Nchi nzima ikasikia.

Jeshi letu wakati ule halikuwa kubwa. Likajazwa na mgambo: wakulima, walimu, polisi, askari magereza, vijana waliokuwa JKT. Malori ya watu binafsi na mashirika ya umma yakachukuliwa pamoja na madereva wake. Waziri Mkuu Edward Sokoine ndiye aliyeendesha kazi hiyo ya kuipeleka nchi vitani, na mikoa ikachanga ng'ombe, nafaka na fedha. Askari walipanda treni ya reli ya kati mpaka Mwanza, wakavuka ziwa au wakazunguka kwa barabara, mvua za Novemba zikiwanyeshea. Kabla Novemba haijaisha daraja la muda lilikuwa limetandikwa Kyaka. Januari 1979 wakaingia Mutukula, Februari Masaka na Mbarara, Machi Lukaya, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Walisonga mbele hadi mpaka wa Sudan, wakafika tarehe 3 Juni.

Kule Uganda walipokewa. Watu wa Kampala walijaa barabarani wakiwaita wakombozi, kwa lafudhi yao “bakombozi”. Maroketi yetu waliyapa jina la Saba Saba, na bado kuna wazee wa Uganda wanaoigiza mlio wake. Kwa hiyo askari wetu alipata mapokezi yake ya kwanza ugenini. Huko nyumbani je?

Nyumbani palikuwa na shangwe, sitaki mtu aondoke hapa akidhani hapakuwa na kitu. Julai 1979 Mwalimu alizunguka mikoa ya Mwanza, Mara na Ziwa Magharibi kuwashukuru wananchi, na tarehe 1 Septemba, siku ya kuzaliwa kwa jeshi letu, taifa lilisherehekea ushindi. Hata mkoa huu ukaacha kuitwa Ziwa Magharibi, ukaitwa Kagera. Kila tunapoandika anwani ya barua tunaitaja vita ile.

Tatizo ni kwamba vita haikumrudisha kila mtu siku moja. Waliorudi katikati ya mwaka 1979 walikuta ngoma. Lakini maelfu walibaki Uganda kulinda amani, na vikosi vyetu vya mwisho viliondoka mwaka 1981. Hebu fikiria huyu wa mwisho. Alipoondoka kijijini alisindikizwa na shule nzima ikiimba. Anaporudi, ngoma zimekwisha muda mrefu. Mwalimu alikuwa amewaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18, miezi hiyo imepita na mkanda bado umebana. Mafuta yamepanda bei duniani, kahawa imeshuka, hazina imekaushwa na vita, dukani hakuna sabuni, hakuna sukari, unga unapangiwa foleni. Anafika nyumbani usiku, amepanda lori la mzigo, na kesho yake asubuhi anatumwa kwenda kupanga foleni kama mtu mwingine yeyote. Wa jirani hawamchukii. Wana njaa, na habari za vita zimewachosha.

Mgambo alikuwa na lake zaidi. Askari wa kudumu alirudi kambini, akawa na wenzake wa kukumbushana nao, akawa na cheo, baadaye akawa na pensheni. Mgambo alivua sare akarudi shambani. Palipokuwa na mwenzake wa kumwelewa ni vijiji vitatu kutoka kwake, au mkoa mwingine kabisa. Alikuwa ameona watu wakikatwa na vipande vya bomu, na sasa anapalilia migomba karibu na mtu anayemuuliza, “Eti kule mlileta redio ngapi?” Katika ukoo wetu yupo aliyekaa hivyo mpaka alipokufa. Tulikuwa tunaambiwa watoto tusimwamshe kwa kumgusa, tusimame mlangoni tumwite. Hakuna aliyetueleza sababu, na sisi hatukuuliza.

Nitatoka kidogo nje ya mada, mtanivumilia, maana jambo hili halikuanza mwaka 1979. Mji huu wa Bukoba uliwahi kupigwa vita Juni 1915, Waingereza walipovuka ziwa kutoka Kisumu wakaja kuubomoa mnara wa redio wa Wajerumani, kisha mji ukaporwa. Katika vita ile kuu, Waafrika wa upande huu wa bara walichukuliwa kwa mamia ya maelfu kubeba mizigo ya majeshi ya pande zote mbili. Walikufa kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 1927 ikasimamishwa ile sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, na nyingine Nairobi na Mombasa, na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa mikono na miguu ya jeshi. Maneno mazuri. Lakini wengi wa wapagazi hao mishahara yao haikuwafikia warithi, ikabaki serikalini. Sanamu ilipatikana, malipo hayakupatikana. Ndiyo maana kila ninapoona mnara mpya unazinduliwa nauliza kwanza habari za walio hai. Narudi kwenye njia.

Wahaya na Wanyambo, na majirani zetu wa Ankole ng'ambo ya mpaka, tulikuwa na namna ya kumpokea aliyerudi vitani, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kusimama hapa leo. Nazungumzia kwebuga. Shuleni mnafundishwa kwa jina la majigambo au vivugo, mnapewa maksi mbili za kueleza sifa zake, mnakwenda zenu. Leo mnayaona kwenye harusi, mtu amekunywa rubisi kidogo, ameshika fimbo badala ya mkuki, watu wanacheka. Lakini asili yake siyo harusi. Shujaa alisimama mbele ya Omukama, yaani mfalme, na mbele ya watu, mkuki juu, akataja jina lake la sifa, akataja alikokwenda, mto aliouvuka, mtu aliyepambana naye, mwenzake aliyeanguka ubavuni kwake. Aliyasema kwa pumzi moja moja, kwa kasi, na watu wakaitikia. Nani alikuwa anazungumza? Aliyekwenda. Nani alikuwa anasikiliza? Mtawala.

Tazameni jinsi sisi tulivyoligeuza. Leo mtawala anasema na aliyekwenda anasikiliza.

Tena kwebuga kulikuwa na faida ambayo wataalamu wa maradhi ya akili leo wanaitafuta kwa njia nyingine. Yule mtu hakuachwa abebe peke yake alichokiona. Alikitoa hadharani, kwa mpangilio, kwa maneno yenye fahari, na jamii ikakipokea ikawa mali ya wote. Na hakuweza kudanganya sana, kwa sababu waliokuwa naye walikuwa wamekaa pale pale wanasikia.

Kaboya, baada ya viongozi kuondoka, nilibaki na wazee chini ya kivuli. Tuligawiana kahawa ya kutafuna, kama mgeni anavyokaribishwa kwetu. Mzee mmoja aliyekuwa mgambo, jina lake nalihifadhi kwa sababu sikumwomba ruhusa, akaanza kuzungumzia Lukaya. Mnajua Lukaya ilivyo: barabara imepita katikati ya kinamasi, kushoto mafunjo, kulia mafunjo, huna pa kwenda. Machi 10, brigedi yetu iliyokuwa mbele, yenye mgambo wengi ambao hawajawahi kuona vita, ilishambuliwa na majeshi ya Amin pamoja na Walibya waliotumwa na Gaddafi, wakiwa na vifaru na maroketi. Brigedi ile ilivunjika. Watu walirudi nyuma kwa hofu. Usiku ule ule makamanda wakaipanga upya, brigedi nyingine ikazunguka kwa ubavuni, na alfajiri ya tarehe 11 wakawapiga adui kutoka pande mbili. Lukaya ikawa yetu, na njia ya Kampala ikafunguka.

Yule mzee aliposema, aliinuka. Hakuna aliyemwambia ainuke. Akashika mkongojo kama mkuki, akaanza kwa Kihaya, na mimi nakumbuka maana yake siyo kila neno. Alisema: Mimi niliyeingia mafunjoni nikamsahau mama yangu. Mimi niliyetupa begi nikakumbatia bunduki. Niliyekimbia jioni, niliyerudi alfajiri. Wenzake wakaitikia. Mmoja wao akafuta macho kwa kofia.

Niliyekimbia jioni, niliyerudi alfajiri. Nimesoma na kusikiliza mengi juu ya vita ile, na sijakutana na maneno yanayoieleza Lukaya sawasawa kama hayo. Hakuna hotuba ya jukwaani itakayothubutu kusema askari wetu walikimbia, kwa kuogopa kuwavunjia heshima. Lakini yeye mwenyewe anaweza kusema, na heshima yake ikapanda machoni pangu mara kumi. Kukimbia usiku, halafu kurudi alfajiri mahali pale pale ambapo unajua sasa kuna nini, huo ni ujasiri mkubwa kuliko wa mtu ambaye hakuwahi kuogopa. Ukimpa afisa fulani kazi ya kumsemea mzee huyu, sehemu hiyo itafutwa, na ndiyo sehemu yenyewe.

Kwa hiyo naomba mambo ambayo yanawezekana. Utaratibu wa mkuki na ngao ubaki ulivyo, hatua kwa hatua. Dua na sala zibaki. Lakini kwenye ratiba ya 25 Julai ya mwakani, kila mkoa, iongezwe saa moja ambayo hakuna kiongozi atakayepanda jukwaani. Waitwe waliokwenda. Anayetaka kujigamba kwa lugha yake ajigambe, anayetaka kusema kwa Kiswahili kwa dakika tano aseme, anayetaka kutaja tu majina ya wenzake wawili waliozikwa pale ayataje aketi. Msimkatishe kwa sababu mgeni rasmi anawahi ndege. Mgeni rasmi akae chini asikilize, Omukama alikuwa anakaa.

Na wasiitwe wenye bunduki peke yao. Aitwe dereva wa lori aliyepeleka risasi mbele gari lake likiwa halina breki za kuaminika. Aitwe muuguzi aliyepokea majeruhi. Waitwe akina mama wa Missenyi waliowapikia askari ndizi kutoka shamba ambalo adui alikuwa amelikanyaga mwezi uliopita. Hao nao walirudi, walirudi kwenye nyumba zisizo na paa, na hakuna aliyewapigia ngoma hata ya siku moja.

Vijana mna simu. Humu ndani karibu kila mmoja anayo, na inarekodi. Aliyekuwa na miaka 20 wakati daraja la Kyaka linalipuliwa alizaliwa mwaka 1958, fanyeni hesabu wenyewe kumebaki muda gani. Mkifika nyumbani msianze na swali la “uliua wangapi”, ni swali la kitoto na linamfunga mtu mdomo. Mwulize alikula nini njiani. Mwulize treni ilichukua siku ngapi, nani alikaa karibu naye, viatu vilimtosha? Mtu akianza na viatu atafika Lukaya mwenyewe. Akinyamaza, nyamazeni naye, mkaribisheni chai, mrudi wiki nyingine. Na mkimaliza kurekodi muulizeni kama anaruhusu watu wengine wasikie, maana maneno ni yake.

Nimeona katika safu ya mbele wameketi wazee sita waliokwenda. Nilizungumza nao kabla ya kuingia humu na wawili wamekubali kusema. Ratiba inaonyesha nina dakika ishirini zaidi za kuzungumza na baadaye maswali. Dakika hizo nawapa wao. Katibu, naomba kipaza sauti kipelekwe pale mbele, na kiti kiwepo kwa atakayechoka kusimama. Wazee wangu, anaanza nani?